Nilipopiga Debe Bila Kusoma

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na makosa ya wengine mtasema huyu naye kajifanya mwalimu.

Mwaka 2021 mshikaji wangu mmoja wa Geita, mwandishi chipukizi kama wengi wetu tunaobanana katika kurasa hizi, aliniletea mswada wa riwaya yake ya kwanza ukiwa umechapwa kwenye kompyuta na kubanwa kwa pini mbili. Alitaka nimwandikie maneno ya jalada la nyuma. Nilisoma kurasa arobaini ndani ya basi kutoka Kahama kuja Shinyanga, nikaufunga, nikaandika hivi: "Riwaya ya kwanza ya kisayansi katika lugha ya Kiswahili! Vita vya sayari, mapenzi, usaliti na teknolojia ya kutisha. Usipoisoma utajuta." Jina langu likawekwa chini yake, na chini ya jina likawekwa neno "Mhakiki". Nilifurahi, nisiwadanganye.

Jamaa alichapisha nakala mia tatu. Fedha ilitokana na mgawo wa duara moja la Nyarugusu ambamo kaka yake alikuwa na fungu. Mpaka mwaka jana nakala mia mbili na kumi zilikuwa bado kwenye maboksi chini ya kitanda, na mchwa wameshaanza kuonja. Alikuja Shinyanga akanikuta kijiweni, nyuma ya stendi, nakunywa kahawa. Hakunisalimia vizuri. Akaniuliza, "Kaka, kile kitabu ulikisoma?"

Nikamwambia nilikisoma.

"Mama wa mwaloni anaitwa nani?"

Ndugu zangu, sikujua hata kama ndani ya kitabu kulikuwa na mama wa mwaloni.

Tulikuwa tumekaa mahali ambapo sauti za wapiga debe zinasikika vizuri sana, nikajiona mdogo kuliko wao. Mpiga debe analipwa kwa kila abiria anayempandisha, lakini angalau anajua basi linakwenda wapi. Hawezi kuita "Katoro, Runzewe!" halafu gari likashika njia ya Maswa, abiria watamng'oa meno. Mimi niliita nisikokujua, na abiria, kwa bahati mbaya, ndio wenye akili: hawakupanda.

Nikaomba nakala moja, nikaenda nayo nyumbani. Safari hii niliisoma yote, usiku mmoja na asubuhi yake. Jina la kitabu silitaji, kwa sababu mwenyewe anaandaa toleo la pili na ameniomba nisubiri. Lakini kisa nitakisimulia kidogo, maana hoja yangu yote imo humo.

Kurasa arobaini za kwanza ni chombo cha angani, makamanda wenye majina ya Kizungu, na bunduki za miale. Ukurasa wa 41 tunashuka Geita, mwaka 2089. Kampuni fulani imeleta vijimashine vidogo mfano wa siafu, maelfu kwa maelfu, vinavyotambaa kwenye vilima vya magwangala kutafuta punje za dhahabu zilizosahaulika. Kwa msomaji wa mbali ambaye neno hili ni geni kwake: magwangala ni mawe ya mabaki, ambayo mgodi mkubwa umeona dhahabu iliyomo haitoshi kulipa gharama ya kuyasaga. Watu wa Geita wameyagombea kwa miaka, kwa kuwa kisichomtosha tajiri kinaweza kumlisha maskini mwezi mzima. Basi siafu hao wa chuma wametengenezwa wafuate harufu ya zebaki, kwa sababu mbunifu wao aliamini penye zebaki pana dhahabu. Wanamaliza magwangala. Wanaingia madukani na kula pete na hereni. Wanakula simu, kwa maana ndani ya simu mna chembe za dhahabu. Kisha usiku mmoja wanafika kwa mama anayeitwa Minza, ambaye ameosha dhahabu mwaloni kwa miaka ishirini na sita na mikono yake imeanza kutetemeka. Hana pete. Hana simu. Siafu wanapanda kitandani kwake hata hivyo.

Niliposoma pale niliweka kitabu chini nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Sasa rudini mkasome maneno yangu ya jalada la nyuma. Vita vya sayari! Mapenzi! Usaliti! Yuko wapi Minza? Wako wapi siafu? Geita yenyewe iko wapi? Nilichukua kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukiandika isipokuwa kijana aliyekulia kando ya karasha, nikakifunika kwa turubai lililoazimwa kwenye filamu. Nami si wa kulaumiwa peke yangu. Mwandishi mwenyewe alikwisha kukifunika kabla yangu, kwa kurasa arobaini. Nilipomuuliza ni kwa nini alianza na makamanda wale, alinijibu bila kusita, "Niliogopa watu wakiona Nyarugusu ukurasa wa kwanza watasema hii siyo sayansi."

Hili ndilo ninalotaka kulisema katika makala haya. Tumezoea kudhani kwamba mtu huandika kwanza, akimaliza ndipo aanze kufikiria kukitangaza kitabu. La hasha. Hofu ya soko huingia ndani ya mswada mapema, inakaa ukurasa wa kwanza, inawabatiza wahusika majina, inawachagulia mji. Kwa waandishi wa hadithi za kisayansi hofu hiyo ni kubwa maradufu, kwa sababu tunaamini msomaji wetu hajatuzoea. Kwa hiyo tunamwonyesha kwanza anachokijua tayari kutoka kwenye luninga, na chetu tunakificha nyuma kama mtu anayeona aibu mgeni akaione jikoni kwake.

Hebu tuanze na lile neno "ya kwanza". Nimelihesabu kwenye vijitabu vya chipukizi nilivyo navyo hapa mezani, vya Shinyanga, Mwanza na Geita: vitano kati ya saba vinajiita riwaya ya kwanza ya kisayansi kwa Kiswahili. Haiwezekani wote wakawa wazaliwa wa kwanza, labda mama awe tofauti. Na kusema kweli hakuna hata mmoja kati yao aliye wa kwanza. Shaaban Robert aliwaweka watu wake katika nchi inayoning'inia angani katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, na akawatuma wajumbe huko na huko kutafuta maarifa. Mtabisha kwamba ile ni istiara, siyo sayansi. Sawa, nakubali nusu. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995: mtu amehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, anafika kwenye ulimwengu mwingine ulioendelea kuliko wake. Hiyo nayo mtaiitaje? Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, jirani yetu kabisa ng'ambo ya maji, alikwisha kuuvunja muda na mahali katika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Said Ahmed Mohamed akamfufua babu katika Babu Alipofufuka mwaka 2001, na mwaka uliofuata Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu!

Sitaji majina haya ili nionekane nimesoma. Nataja kwa sababu msomaji anayeweza kununua kitabu chako, na hasa mwalimu wa Kiswahili ambaye angeweza kuwaambia wanafunzi arobaini habari zako, anavijua vitabu hivi. Akiona "ya kwanza" anajua mambo mawili papo hapo: kwamba unadanganya, au kwamba husomi. Na halafu, bwana wewe, hata ingekuwa kweli, nani alinunua chapati kwa sababu ni ya kwanza kuchomwa asubuhi? Watu wananunua kwa sababu imenukia.

Tazama Mkangi alivyofanya. Walenisi ukiitamka polepole unasikia "wale ni sisi". Jina la kitabu lenyewe limekwisha kukuambia kwamba watu hao wa ulimwengu wa mbali ni wewe. Hilo ni tangazo, na ni tangazo la kweli, na halikuhitaji mhakiki yeyote kupiga debe. Faraji Katalambulla, Elvis Musiba na wenzao wa riwaya za upelelezi nao walikuwa mafundi wa majina. Kufa na Kupona, ilipotoka mwaka 1974, ilimpa msomaji sababu ya kufungua kabla hajajua Willy Gamba ni nani.

Kuhusu hili neno "ya kisayansi", nina ushahidi wa macho. Nilipita duka moja la vitabu mjini hapa, nikaulizia kitabu cha mshikaji wetu. Kijana wa dukani alinipeleka kwenye rafu ya fizikia na baiolojia, kidato cha pili. Kilikuwa hapo, kimesimama wima kati ya mazoezi na majibu ya mitihani. Si kosa la kijana. Jalada limeandikwa "Riwaya ya Kisayansi" kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu, na katika maduka yetu vitabu vya shule ndivyo vinavyolipa kodi ya pango. Mwanafunzi wa mchepuo wa sanaa akiona neno sayansi anakula kona. Yule wa sayansi akikifungua, hakuti fomula. Wote wawili wamekosa.

Mimi sasa naona heri kuliacha neno hilo kwa sisi wahakiki, tuzozane nalo wenyewe. Msomaji mwambie kinachotokea. "Siafu wa chuma wanakula dhahabu ya Geita" inaeleweka na muuza mitumba, inaeleweka na mwanafunzi wa chuo, na wala haihitaji rafu maalumu.

Majalada sitayasema sana. Siku hizi akili mnemba inakuchorea maghorofa ya kioo na gari linaloruka kabla chai haijapoa, na ndiyo maana majalada yote yamefanana kama sare za shule. Kilima cha magwangala wakati wa jua kuzama, kikiwa kinatambaa, hakuna aliyekichora. Tuendelee.

Kinachonisikitisha ni kwamba tumekaa katika nchi ya watu wenye ujuzi wa kale wa kuvuta watazamaji, na sisi tunaenda kujifunza kutangaza kwa watu wa mbali. Waliokulia Usukumani wanajua ninachokwenda kusema. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na mahasimu wawili wa zamani, Ngika na Gumha, tangu karne ya kumi na tisa. Baada ya mavuno wanakutana uwanja mmoja, siku moja, wakati mmoja. Huku Wagika, kule Wagalu. Hakuna majaji wa kukaa mezani na kalamu. Anayeshinda ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake, na watu wale wana miguu: wimbo ukipoa wanahama, wakisikia vigelegele upande wa pili wanakimbilia huko, ukizua jambo wanarudi. Ndiyo maana kila mwaka lazima manju atunge wimbo mpya, na wengine wakaleta chatu uwanjani. Mwaka jana ulicheza na nyoka, mwaka huu wenzako nao wana nyoka, sasa utafanyaje?

Wapo watakaosema kwamba ile ni mbwembwe na dawa, siyo sanaa. Mimi nilipokuwa mdogo nilisimama katika uwanja wa namna hiyo, begani kwa mjomba, na ninachokumbuka ni kwamba chatu hakutosha. Kundi lenye chatu liliwavuta watu, ndiyo, lakini baada ya muda watu walianza kuteleza kwenda upande wa pili, kwa sababu manju wa upande wa pili alikuwa anaimba habari za mtu fulani wa kijiji kile kile, aliyekuwa amesimama pale pale, na kila mtu alitaka kusikia mwisho wake. Chatu alikuwa tangazo. Wimbo ndio uliowakalisha. Na manju hakuwa na mtu wa kumwandikia maneno ya jalada la nyuma. Kama wimbo hauna kitu aliona migongo ya watu kwa macho yake, palepale.

Magazeti ya hadithi yalirithi uwanja huo. Ben Mtobwa hakungoja kubembeleza wachapishaji, alianzisha kampuni yake ya Heko. Eric Shigongo, aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, hapo jirani na Geita, alijenga jina kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kampuni yake, na mtu alinunua gazeti wiki hii kwa sababu wiki iliyopita liliishia pabaya. Wasomi wetu waliwabeza. Naelewa kwa nini, maana mengine yalikuwa maji matupu, mapenzi na machozi ya kulazimisha. Lakini hakuna hata mmoja wetu wa hadithi za kisayansi aliyepima kazi yake kwa kipimo kile: sehemu ya kwanza imesomwa, je, kuna mtu yeyote atakayeuliza ya pili? Vijana wanaouza simulizi kwa simu, sehemu kumi za bure na ya kumi na moja unalipia, wanakijua kipimo hiki kuliko sisi tunaojiita waandishi wa vitabu.

Na isidhaniwe kwamba njia hii ni ya hadithi nyepesi tu. Liu Cixin wa China alikuwa mhandisi wa kituo cha umeme huko Niangziguan, jimbo la Shanxi, ambalo ni jimbo la machimbo ya makaa ya mawe kama letu lilivyo la dhahabu na almasi. Hakuishi Beijing wala Shanghai. Riwaya yake ya Tatizo la Miili Mitatu, kama tungeiita kwa Kiswahili, ilianza kutoka kwa sehemu katika gazeti la hadithi za kisayansi mwaka 2006, ikawa kitabu mwaka 2008, ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Ken Liu mwaka 2014, na mwaka 2015 ikapata tuzo ya Hugo. Hao wa Marekani walikuja mwisho. Kabla yao kulikuwa na wasomaji wa Kichina waliokuwa wakingoja toleo lijalo. Walenisi nayo, kipande chake kilitiwa katika mkusanyo wa Kiingereza wa No Edges mwaka 2023, wakati Mkangi alikuwa amekwisha kufariki tangu 2004. Kwa hiyo mdogo wangu unayeandika mswada Bukombe ukiwa na ndoto za kutafsiriwa, ndoto si mbaya, ila huko mbele kuna foleni na wewe bado hujasomwa Ushirombo.

Basi tukaamua, mimi na mwenye kitabu, kwenda kusoma mbele ya watu. Ilikuwa namna yangu ya kulipa deni.

Mara ya kwanza tulisomea hapa Shinyanga, kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa ujinga wetu tukasoma kutoka ukurasa wa kwanza. Makamanda, miale, chombo. Dakika kumi tu, kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Hii mbona nimeiona kwenye muvi?" Wakacheka wote. Wengine wakaanza kuangalia saa. Kuuza, tuliuza nakala mbili, na moja aliinunua mwalimu kwa kutuonea huruma.

Mara ya pili tulikwenda Nyarugusu. Tulipita Kahama na Kakola, vumbi mpaka masikioni. Tulifika jioni, makarasha yakiwa yanazimwa moja moja, na mama lishe mmoja akatupa benchi lake kwa sharti kwamba watakaosikiliza wanunue chai. Walikaa watu ishirini na kitu, wengi wametoka kazini, nguo zimeganda udongo. Mwenye kitabu akaanza na Minza. Hakusema neno lolote la utangulizi, wala hakusema sayansi. Alisoma ukurasa ule wa siafu wanaopanda kitandani, na kelele za pale zikapungua mpaka nikasikia bomba la maji likidondoka.

Alipomaliza, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Kijana, umeandika vizuri. Lakini umekosea."

"Wapi, mzee?"

"Zebaki haikai kwenye mwamba. Zebaki tunaileta sisi."

Mnaojua kazi ile mtanisamehe nikiwaeleza wengine. Jiwe linatolewa durani, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga, unga unaoshwa kwa maji mwaloni, kisha inatiwa zebaki ambayo inazishika chembe za dhahabu na kuzikusanya. Donge hilo linakamuliwa kwenye kitambaa, mara nyingi kwa mikono mitupu, halafu linachomwa moto ili zebaki iondoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo anauvuta aliyesimama karibu, na ukiuvuta kwa miaka unaharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo ile mikono ya Minza. Migodi mikubwa kama wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, yenyewe inatumia sianidi.

"Sasa," mzee akaendelea, "magwangala ni mawe ya mgodi mkubwa. Hayajapita mwaloni. Hayana zebaki hata tone. Hao wadudu wako, kama wanafuata zebaki, wanafuata nini kule?"

Mshikaji wangu akafungua mdomo, akaufunga. Mimi mhakiki, niliyekwisha kukisoma kitabu chote na kukiona hakina dosari baada ya ukurasa wa 41, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kijana mmoja wa karasha ndiye aliyejibu, wala hakuwa anatania. "Basi watatuanza sisi."

Hapo benchi zima likaanza kusema kwa wakati mmoja. Wangeanzia mwaloni. Hapana, wangeanzia kwa wanunuzi, kule wanakochomea, maana kuta zenyewe zimekunywa zebaki. Wangeingia kwenye visima. Wangekula nini kama dhahabu imeshauzwa? Mwingine akauliza wanapata wapi nguvu, wana betri au wanakula jua, na usiku je? Kisha mama mmoja aliyekuwa amesimama nje ya mwanga wa taa, ambaye sikuwa nimemwona tangu mwanzo, akauliza, "Na aliye na mimba je?" Hakuna aliyemjibu. Mwandishi aliandika swali lile kwenye kiganja, kwa kuwa daftari lilikuwa ndani ya begi.

Nimesoma hakiki nyingi za hadithi za kisayansi, na nimeandika chache. Sijawahi kuona iliyokata mfupa namna ile. Mzee yule, kwa sentensi tatu, alionyesha kwamba kisa kimewekwa kinyume: siafu wameanza kwenye mawe na kumalizia kwa watu, wakati kwa mantiki ya kitabu chenyewe walipaswa kuanza kwa watu, na mawe wasiyaguse kabisa. Kikisahihishwa kitatisha mara kumi, kwa sababu dhahabu itabaki mlimani na watu ndio watakaokuwa machimbo. Hili nisingeligundua hata ningekaa chuoni miaka mitano. Na watu waliligundua kwa sababu tuliwapa kitu ambacho walikuwa na haki ya kukipinga. Kwa makamanda wa angani wangesema nini? Wangesema ni nzuri, wakaenda kulala.

Tuliuza nakala kumi na saba jioni ile. Nne zilikuwa za mkopo, na mbili hazijalipwa mpaka leo. Fedha hiyo haikurudisha hata nauli na malazi, nisije nikawadanganya kwa mara nyingine. Lakini wiki mbili baadaye alipigiwa simu na watu wa Katoro asiowajua, wakimuuliza kama yeye ndiye yule wa siafu. Hawakuuliza kitabu cha kisayansi. Waliuliza siafu.

Kuna watakaoniambia kwamba hizi ni njia za kimaskini, na kwamba sasa kuna tuzo. Zipo, na nawahimiza mshindane. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell imewapa jina watu ambao hawakuwa nalo, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023. Ila jopo la tuzo ni watu wachache wanaosoma mara moja kwa mwaka. Wewe unahitaji wale watakaokuuliza betri iko wapi.

Nirudi kwetu sisi tunaoandikiana sifa. Katika gazeti kama hili, ambamo mwandishi, mhakiki na msomaji mara nyingi ni watu wale wale kumi na watano wanaofahamiana, ni rahisi sana kupeana "kazi nzuri, mkuu" kama watu wanaopeana sigara. Inaonekana ni urafiki. Nakala mia mbili na kumi chini ya kitanda zinanikumbusha ulikuwa urafiki wa namna gani. Ningemwambia mwaka 2021 kwamba kitabu chako kinaanza ukurasa wa 41, angenuna mwezi mmoja na angeokoa fedha za duara. Sikumwambia kwa sababu sikufika ukurasa wa 41.

Toleo la pili liko njiani. Makamanda wameondoka wote, na magwangala yamebaki mlimani bila kuguswa. Minza yuko ukurasa wa kwanza, na mzee wa ndevu nyeupe ametajwa katika shukrani, ingawa bila jina, kwa ombi lake. Mwezi uliopita mwandishi aliniomba tena maneno ya jalada la nyuma. Safari hii nilisoma mswada mara mbili, nikamwandikia sentensi mbili tu: "Siafu wa chuma wanafuata zebaki. Nyarugusu, zebaki iko mikononi mwa Minza."

Amenijibu kwa ujumbe mfupi. Maneno ameyapenda na jina langu atalibakiza. Lile neno "Mhakiki" chini yake ameliondoa.